Sili ya pinioni inavuja, mafundi wanashusha difu nzima na kunirudishia ya gari lingine!

Wakuu, mnivumilie, leo nina hasira.

Hilux yangu 4x4 ilikuwa inadondosha oili pale propela (ile shafti ndefu ya chini ya gari) inapoingia kwenye difu ya nyuma, lile kasha la gia katikati ya tairi. Hiyo ni sili ya pinioni, raba inayozuia oili kwenye gia ndogo ya kuingilia difu. Unatia alama flenji (kile kisahani kinachofungwa propela), unafungua bolti nne za propela, unafungua nati ya pinioni, unavuta flenji, unang'oa sili na kugonga mpya. Difu haitoki! Nimeacha gari gereji asubuhi, narudi jioni nakuta dramu ziko chini, ekseli zote mbili zimechomolewa, paipu za breki zinachuruzika, na difu haipo. Nauliza, najibiwa: "Bosi, tumeipeleka kwa mtaalamu aicheki." Nani kawatuma?

Ikarudi, ikafungwa. Nikifika 60 inavuma kama ndege, nikiachia mafuta mlio unabadilika. Eti "itazoea, meno bado mapya". Meno mapya yametoka wapi wakati nimelipia sili? Krauni na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo za ndani ya difu, huja kwa jozi, hazichanganywi hovyo.

Sasa sikilizeni hii. Mshale unasema 100, GPS ya simu inasema kama 90. Zamani vilikuwa vinakaribiana. Kwenye Hilux hii spidi inasomwa kabla ya difu, kwa hiyo difu ikibadilishwa uwiano, mshale unadanganya. Nikapandisha tairi za nyuma kwenye stendi, gia huru, nikazuia tairi moja na kuzungusha ya pili mizunguko miwili kamili huku nahesabu propela. Ilitakiwa izunguke mara nne na kidogo, maana uwiano wa difu yangu ni 4.1, yaani propela mara 4.1 kwa mzunguko mmoja wa krauni. Imezunguka mara nne na nusu na zaidi! Hiyo ni 4.556. Krauni zote mbili zina meno 41, tofauti ni pinioni, 10 kwa 9, ndiyo maana ukitazama kwa macho huwezi kushtuka.

Na mbele bado ni 4.1. Yaani siku nikinasa kwenye tope nikaweka 4x4, mbele na nyuma zinavutana na gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inakula hasara. Hilo hakuna aliyefikiria kuniambia.

Mwenye gereji nimemwonyesha kibao cha gari, mstari wa A/TM wenye namba ya ekseli inayoonyesha uwiano wa difu, anacheka. Anasema difu zote za Hilux ni moja. Kisha anadai hela ya kushusha na kupandisha! Kazi ambayo sikuiagiza!

Silipi. Nataka difu yangu ileile, hata kama imeshauzwa wakaitafute walikoiuza.

Anayemjua fundi wa difu hapa Dar anayepima nafasi ya meno kwa geji, siyo kwa kutikisa na mkono, aniambie hapahapa. Na kama kuna aliyefanyiwa mchezo huu akarudishiwa difu yake, alianzia polisi au serikali za mtaa?