Fundi wa kontakta na rele: nianzie wapi kujifunza automati?

Rele_Katuba

Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi, nina A2 ya umeme (diploma ya sekondari ya ufundi). Kazi ninayoijua ni tablo za kontakta na rele: kuwasha mota moja kwa moja, nyota-pembetatu, rele ya joto, pampu, mikanda ya kusafirishia mawe. Matangazo ya kazi za migodini, Likasi, Fungurume hadi Kolwezi, sasa yanaomba automati (PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mitambo), variatere (kifaa cha kubadili kasi ya mota) na vyombo vya kupimia. Kompyuta ninayo, RAM 8 GB. Pesa ya kununua automati mpya sina. Nianze na aina gani? Na ni cheti gani mwajiri anakiangalia kweli?

Kampemba_Automati

Ndugu, usianze kwa kuchagua aina. Kanuni ya lugha za automati ni IEC 61131-3, ipo tangu 1993, na Siemens, Schneider na wengine wanaifuata kwa kiasi kikubwa. Anza na ladda, lugha ya kuchora programu kwa mistari kama ngazi, kwa sababu inafanana na mchoro wa rele ulioushika tayari. Halafu ongeza maandishi yaliyopangwa, yaani ST, maana hesabu ndefu kwenye ladda ni mateso. Ile lugha ya zamani ya orodha ya maagizo, IL, toleo la 2013 liliitaja kuwa ya kuachwa. Jifunze kuisoma tu, kwa ajili ya mitambo ya zamani.

Programu: chukua EcoStruxure Machine Expert - Basic ya Schneider, ile ya automati M221. Ni ya bure, ni nyepesi kwa kompyuta yako, na ina sehemu ya kuigiza ndani, kwa hiyo unaona matokeo, yaani output za automati, yakiwaka na kuzimika bila kifaa chochote. CODESYS nayo inapatikana bure. Automati yake ya kwenye kompyuta inafanya kazi saa 2 bila leseni, kisha unaiwasha upya. TIA Portal ya Siemens ina majaribio ya siku 21. Usiifungue leo. Ifungue siku ambayo mazoezi yako yameshaandikwa kwenye karatasi, vinginevyo siku hizo zitaisha ukitafuta vitufe. Na kwa RAM 8 GB itakwenda polepole, jua hivyo mapema.

Zoezi la kwanza: pampu moja, tangi lenye floti ya chini na floti ya juu, kitufe cha kuwasha, cha kuzima, kontakti ya rele ya joto. Ikishaenda, weka pampu mbili zinazopokezana kila tangi linapohitaji maji. Kisha ongeza ulinzi wa pampu kukauka: kama swichi ya mtiririko haijajibu ndani ya sekunde 10 tangu pampu iwake, zima na washa taa ya hitilafu. Hiyo ya tatu ndiyo itakufundisha taima, kumbukumbu na jinsi ya kufuta hitilafu.

Sasa, mahali ambapo mafundi wa rele hujikwaa. Kitufe cha kuzima kinaungwa kikiwa NC (kontakti iliyofungwa kikiwa kimetulia), kama kawaida. Kikiwa kimetulia, ingizo la automati linasoma 1. Kwa hiyo ndani ya ladda unaweka kontakti iliyo wazi, siyo iliyofungwa. Ukiiga mchoro wa waya ulivyo, pampu haitawaka kamwe, na utabadilisha waya ambazo hazina kosa. Na usigeuze kitufe kiwe NO (kontakti iliyo wazi) ili programu iwe rahisi: waya ukikatika, hutaweza tena kuzima.

Jambo lingine: usiandike koili ya tokeo moja mahali pawili. Automati inasoma maingizo, inapitia programu toka juu hadi chini, ndipo inatuma matokeo. Mstari wa mwisho ndio unaoshinda, na ule wa juu utaonekana kama umekufa.

Maman_Kapta

Nakubaliana na kaka hapo juu kuhusu ladda, lakini mpangilio ningeubadilisha. Kwa mtu wa A2, mlango ulio karibu zaidi ni kapta (vihisi vya kupimia) na variatere. Kiwandani programu ikishaingia inakaa miaka bila kuguswa. Kapta na variatere ndizo zinazomtoa fundi usingizini.

Anza na kitanzi cha 4–20 mA, yaani mkondo ambao kapta inautumia kupeleka kipimo kwenye automati. Sifuri ni 4 mA kwa sababu maalum: waya ukikatika unasoma 0 mA, na unajua mara moja kwamba siyo tangi lililo tupu. Kipimo kikishuka chini ya 3,6 mA au kikizidi 21 mA, kichukulie kuwa ni hitilafu. Ampea unaipima kwa kukata kitanzi na kuweka multimeta ndani yake. Ukiiweka sambamba na 24 V ikiwa kwenye mA, fyuzi ya multimeta inaungua palepale.

Ndani ya S7-1200, automati ya Siemens, 4 mA inakuwa 0 na 20 mA inakuwa 27648. Tuseme tangi ni la mita 0 hadi 8, na automati inasoma 20736. Gawa kwa 27648 unapata 0,75. Zidisha kwa 8, maji ni mita 6. Hakikisha kwa multimeta: 4 + (16 × 0,75) = 16 mA. Kama multimeta inasema 16 na skrini inasema kitu kingine, kosa liko kwenye programu. Kama multimeta nayo inasema kingine, nenda kwenye kapta. Mtu anayeweza kutenga kosa hivyo kwa dakika tano anahitajika kila kiwanda.

Variatere sasa. Soma bamba la mota kabla ya kugusa kitu: volti, ampea, 50 Hz, mizunguko, cos φ. Bamba likisema 230/400 V na umeme wako ni 400 V, funga nyota. Likisema 400/690 V, funga pembetatu. Variatere nyingi zinahesabiwa kwa mwinuko wa hadi mita 1000. Juu ya hapo unapunguza ampea kama 1% kwa kila mita 100. Lubumbashi tuko karibu mita 1200, Kolwezi ni zaidi ya 1400. Variatere ya 30 A hapa ni kama 29,4 A, na Kolwezi haifiki 29. Ukiichagua bila nafasi ya ziada, itaanguka mchana wa joto wa Oktoba na utailaumu mota.

Hitilafu mbili zinazorudi kila mara: ampea kuzidi wakati wa kuwasha, mara nyingi muda wa kupanda ni mfupi mno, na volti kuzidi wakati wa kusimama, kwa sababu mzigo mzito unarudisha nishati kwenye variatere. Hiyo ya pili unarefusha muda wa kushuka, au unaweka rezistansi ya kufunga breki. Na mota yenye feni kwenye mhimili wake, ukiizungusha muda mrefu kwa 15 Hz, inachemka hata kama ampea ziko sawa.

Tafadhali sana: usipime insulesheni kwa mega ya 500 V mota ikiwa bado imeungwa na variatere. Fungua nyaya kwanza, la sivyo unaua transista za ndani. Na baada ya kukata umeme ngoja dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, 5 hadi 15 kulingana na ukubwa. Kondensa zinashika kama 565 V DC.

Kampemba_Automati

Maman, hoja yako ya kuanza na kapta naikubali. Ninachokataa ni kuacha programu kwa muda mrefu, maana wanaotangaza kazi wanauliza maswali ya ladda kwenye mtihani.

Ongeza hili: kusimamisha kwa dharura kusipite kwenye automati ya kawaida peke yake. Kunahitaji rele ya usalama yenye njia mbili.

Fundi_Kamalondo

Kuhusu vyeti. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ipo tangu 1964 na ina kituo hapa Lubumbashi. Mafunzo kwa watu walio kazini ni sehemu ya kazi yake. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: automati ngapi kwa wanafunzi wangapi, ni modeli gani, na saa ngapi ni za mikono. Mafunzo ya siku nyingi ubaoni bila kugusa kifaa, pesa yako iache mfukoni.

Kwenye makampuni mengi cheti kinachokufungulia mlango wa tablo ni kile cha kuruhusiwa kufanya kazi za umeme. Ujue kutenga umeme kwa hatua: kata, funga kwa kufuli lako, tambua kifaa, pima kwamba hakuna volti, weka ardhi pale inapotakiwa. Kipimo chenyewe unakijaribu kabla na baada. Wengi wanaanguka hapo kwenye usaili, hata wanaoijua programu vizuri.

Kwenye CV usiandike tu «najua automati». Andika: «pampu mbili za kupokezana na ulinzi wa kukauka, M221, ladda», na ubebe mchoro na programu yake kwenye USB.

Rele_Katuba

Aksanti sana wote. Nimeona M221 iliyotumika inauzwa. Niangalie nini?

Kampemba_Automati

Soma jina lote kwenye ubavu. TM221CE16R ina Ethernet, maingizo 9 na matokeo 7 ya rele, na inapokea umeme wa 100–240 V AC. Ile inayoishia na T ina matokeo ya transista na inataka 24 V DC. Ukiipa 220 V umeichoma. Nenda na kompyuta na kebo ya USB mini-B, iunge mbele ya muuzaji, andika programu ya mstari mmoja kwa kila tokeo na upime kwa multimeta kama rele inafunga kweli. Rele za ndani zilizobeba koili za kontakta bila kizima-cheche mara nyingi zinagandana. Ikikuomba nenosiri asilolijua muuzaji, iache hapohapo.