Naenda Ujerumani kufanya uuguzi: bima ya mama, NSSF na kodi nivipangeje?

Muuguzi_Buswelu
Habari za jioni wakuu. Ni muuguzi hospitali binafsi hapa Mwanza. Mwezi wa tisa naenda Leipzig, mkataba wa miaka mitatu nimeshasaini. Mama yangu ana kisukari, kliniki yake ni Bugando, na anatibiwa kwa kadi ya NHIF kama mtegemezi wangu. Pensheni ya NSSF nimechangia miaka tisa. Nina pia nyumba Buswelu, ina mpangaji. Je, TRA na Wajerumani wote watanidai kodi? Naomba mwenye uelewa anisaidie, hasa hili la mama, linaninyima usingizi.

MamaKirumba
Hongera mwanangu. Anza na mama, mengine yanasubiri. Kadi yake inategemea makato ya mshahara wako; ukiacha kazi mchango unakatika na kadi nayo. Nenda NHIF sasa ukiwa bado kazini, uliza vifurushi vya hiari kwa umri wake, uliza kama dawa za kisukari zimo na kama kuna muda wa kusubiri kabla hajaanza kutumia. Je, huna ndugu mwajiriwa ambaye hajajaza nafasi za wategemezi? Mama ni wenu wote. Insulini haiwezi kungoja hela itoke Ulaya.

Nipo_Hamburg
Mkuu, bima ya afya huku ni lazima. Mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara, nusu yako nusu ya mwajiri, na kila mfuko una nyongeza yake. Ukiwa na mwenza asiye na kipato na watoto mnaoishi nao huku, wanaingia kwenye bima yako. Wazazi hawaingii, kwa hiyo usimpangie mama chochote kupitia huku.
Pensheni ni asilimia 18.6, nayo nusu kwa nusu. Ya uzeeni inataka miezi 60 ya kuchangia, na kwa kuwa Tanzania na Ujerumani hazina mkataba wa hifadhi ya jamii, miezi ya NSSF haijumlishwi humo. Ukirudi nyumbani unaweza kuomba urudishiwe sehemu yako, miezi 24 ikishapita tangu uache kuchangia. Ya mwajiri hairudi. Tunza kila karatasi ya mshahara.

Muuguzi_Buswelu
Asante sana. Basi NSSF niiache tu?

Mhasibu_Nyamagana
Usiiache! Pensheni ya NSSF inataka miezi 180 ya kuchangia na wewe umeshavuka nusu. Omba kuendelea kama mchangiaji wa hiari kwa namba yako ileile, pango la Buswelu lilipie.

Kodi sasa. Ukiondoka Septemba utakuwa umeshapitisha siku 183 nchini, kwa hiyo kikodi mwaka huu wote wewe ni mkazi, na mkazi hutozwa kwa kipato cha popote duniani. Hatuna mkataba wa kodi na Ujerumani kama tulionao na Sweden au Norway, lakini sheria yetu inakuruhusu kutoa kodi uliyolipa kule kwenye ile unayodaiwa hapa. Lazima uwe na ushahidi.

Mwakani ndiko wengi wanakoteleza. Kuna kipimo cha wastani wa siku 122 kwa miaka mitatu, yaani mwaka husika na miwili iliyotangulia. Ukija Krismasi wiki mbili tu, siku zako za nyuma zinakubeba na unahesabika mkazi tena. Mwaka unaofuata wastani unashuka. Ila mwenye makazi ya kudumu hapa huwa mkazi akikanyaga nchini hata siku moja, kwa hiyo nyumba ibaki na mpangaji, usijiwekee chumba cha kufikia. Pango lenyewe litatozwa na TRA ukiwa mkazi au usipokuwa, maana linapatikana hapa.

Muuguzi_Buswelu
Nimempigia mdogo wangu, ni mwalimu Sengerema. Kadi yake ina mume na watoto wawili, nafasi ipo. Jumatatu tunaenda NHIF pamoja.

MamaKirumba
Mdogo wako abebe cheti chake cha kuzaliwa, na hakikisheni jina la mama limeandikwa sawasawa na kwenye kitambulisho cha NIDA. Herufi moja ikitofautiana mtarudishwa.