Nimekariri maneno 1,200 ya Kiingereza, alama za SAT hazipandi

daftari_mbili:
Wakuu, habari zenu. Nimebakiwa na wiki kumi na moja kabla ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na nimekwama. Tangu nianze kujiandaa nimekariri maneno 1,200 kutoka kwenye orodha ya zamani niliyorithi kwa kaka yangu, kila neno na maana yake ya Kiswahili pembeni. Daftari mbili zimejaa. Ukiniamsha usiku ukaniuliza "obdurate" nakujibu papo hapo: mkaidi.

Lakini mitihani ya majaribio, upande wa kusoma na kuandika, nimepata 540, 550, halafu 540 tena. Kinachoniuma ni kwamba siangushwi na maneno magumu. Juzi nimekosa swali ambalo jibu lake lilikuwa "reservations". Neno hilo nalijua siku nyingi, ni kuweka nafasi hotelini, kwa hiyo nikaliruka. Niongeze maneno mengine 1,000, au kuna jambo silioni?

mpiga_mstari:
Mkuu, usiongeze hata moja kwanza. Orodha hiyo inaelekea ilitungwa kwa ajili ya mtihani ambao haupo tena. Maswali ya kulinganisha jozi za maneno yaliondolewa 2005, na yale ya kujaza pengo kwa maneno adimu yakafuata 2016. Sasa hivi mtihani unafanyika kwenye kompyuta, na sehemu yako ina maswali 54 kwa dakika 64, kila swali na kifungu chake kifupi. Maswali ya maneno ndiyo yanayofungua kila moduli, yaani kila nusu ya sehemu hiyo, na mengi yake yanakutaka uchague neno lenye mantiki na usahihi zaidi. Mantiki ndiyo imetajwa kwanza.

Tuchukue hilo hilo lililokuangusha. Tuseme sentensi ni hii: "Although she praised the plan in public, her letters reveal deep ____ about its cost." Ziba machaguo kwa kiganja. "Although" inakuonya kuwa nusu mbili za sentensi zinapingana. Hadharani alisifu, basi kwenye barua kuna kinyume cha sifa. Jaza pengo kwa Kiswahili chako kabla hujaona kitu kingine: wasiwasi, mashaka. Ndipo uondoe kiganja. "Reservations" ina maana ya pili, yale mashaka yanayomzuia mtu kukubali moja kwa moja. Wenzake ni wengi: "qualify" ni kuiwekea kauli mipaka, "champion" ni kutetea, "check" ni kuzuia, "temper" ni kupunguza makali, "novel" ni kitu kipya kisicho na mfano. Sura zao umezizoea, ndiyo maana unapita bila kuwatazama mara mbili.

Na kuna hasara ya kuandika neno moja la Kiingereza mbele ya neno moja la Kiswahili. Mimi nilikariri kwamba "notorious" ni maarufu. Nilipoandika insha ya kuomba chuo, nikasema babu yangu alikuwa "notorious" kwa hekima yake. Babu aliyenilea. Mwalimu alipiga mstari chini ya neno akaniambia kwa upole kwamba hivyo husemwa mtu aliyejulikana kwa ubaya, kama jambazi, na kwamba nilichotaka ni "renowned". Nililia kweli. Kwenye daftari langu yote mawili yalikuwa "maarufu".

Tangu siku hiyo kadi zangu zina sentensi upande wa mbele, neno likiwa pengo. Nyuma naandika neno, maelezo ya Kiswahili ya mstari mmoja mzima, ladha yake ni ya kusifu au kulaumu, na sentensi niliyoitunga kuhusu mtu ninayemjua. "Thrifty" na "stingy" wote hawatoi pesa ovyo, lakini wa kwanza ni mwekevu na wa pili ni bahili. Usipoandika ladha, utayachanganya tena baada ya mwezi.

mzizi_na_tawi:
Naunga mkono, ila msiache mizizi. Sisi tumezaliwa nayo: soma, msomaji, somo, someka, usomi. Kilatini ndani ya Kiingereza kinafanya hivyo hivyo. Shika "cred", kuamini, upate "credible", kinachoaminika, "credulous", mwepesi wa kuamini kila anachoambiwa, "incredulous", asiyesadiki. Tahadhari moja tu: kiambishi kinaweza kukudanganya. "Invaluable" ni chenye thamani isiyokadirika, na "disinterested" ni asiyeegemea upande.

sanduku3:
Kuhusu kurudia: tumia visanduku, mtindo alioueneza mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970. Mimi cha kwanza nakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu kila wiki. Kadi ukiipata inapanda, ukiikosa inarudi cha kwanza. Programu ya Anki inakupangia siku yenyewe. Maneno kumi mapya kwa siku yanatosha.

daftari_mbili:
Nimerudi wakuu. Jana nimefungua mitihani yangu yote mitatu na kupitia kila swali la maneno nililokosa. Yalikuwa 14. Katika 9, maneno yote manne ya machaguo yalikuwemo daftarini mwangu. Nimekaa kimya muda mrefu. Leo nimeanza kadi upya, ya kwanza ni "tenuous": "The link between the two letters is tenuous." Nyuma nimeandika: uhusiano wa kuungaunga, ukiuvuta kidogo unakatika, ladha ya kutilia shaka. Je, naweza kuitumia kwa mtu?

mpiga_mstari:
Kadi nzuri sana hiyo. Kwa mtu hapana. Inakwenda na uhusiano, hoja, ushahidi, au jinsi mtu alivyoshikilia kitu: "a tenuous hold on power", madaraka yaliyo mkononi kwa ncha za vidole. Ongeza hayo manne nyuma ya kadi, kisha utunge sentensi kuhusu mtu unayemjua. Bado hujaiandika.