Majirani wa Kilindoni: potwe wa Ufilipino

Salum Maskati: Assalaam aleikum wana Kilindoni, Mafia. Kazini nina mwenzangu Mfilipino, kwao ni mji mdogo unaitwa Donsol, mkoa wa Sorsogon. Leo kanionyesha picha za kwao, nikadhani amepiga hapo gatini kwetu. Potwe watupu!

Bi Mwanaidi: Waaleikum salaam mwanangu. Potwe huyuhuyu, papa mkubwa wa madoa?

Salum Maskati: Huyuhuyu bibi. Wao wanamwita butanding. Msimu wao Novemba mpaka Juni hivi.

Baba Hamisi: Kumbe akitutoroka Machi anakwenda kumalizia kula kwao 😂

Salum Maskati: Kama ni yuleyule, hilo wangekwambia wenye kompyuta. Kila potwe ana mpangilio wake wa madoa. Anapigwa picha ubavuni, nyuma ya matamvua, halafu programu inalinganisha. Hesabu zake walizitoa kwa wataalamu wa nyota, wanaolinganisha makundi ya nyota.

Nahodha Kassim: Na boti zao?

Salum Maskati: Zina matengo pande zote mbili kama ngalawa, ila ndefu na zina injini. Mtu mmoja anapanda juu kabisa kutafuta kivuli. Akikiona, mwongozaji anasema rukeni, mnaruka. Watu 6 tu kwa potwe mmoja, na boti moja. Kugusa marufuku, mitungi ya kuzamia marufuku, taa ya kamera marufuku. Mita 3 toka mwilini, 4 toka mkiani.

Nahodha Kassim: Huo mkia wa kuuogopa kweli. Ukikupitia utasimulia.

Salum Maskati: Mwenzangu anasema maji yao ya kijani kwa wingi wa vijidudu anavyokula, mbele huoni kitu. Unaelea tu, ghafla mdomo huo unapita, kisha madoa, madoa, madoa, unasubiri yaishe hayaishi, ndipo mkia.

Mama Rehema: Yallah! Mimi ningerudi botini bila ngazi.

Bi Mwanaidi: Hawamli?

Salum Maskati: Zamani sehemu nyingine, Bohol kwa mfano, walikuwa wanamvua, nyama inauzwa Taiwani. Mwaka 1998 serikali ikapiga marufuku nchi nzima. Donsol wakafungua utalii mwaka huohuo, na waongozaji wengi ni wavuvi walewale. Hapo ndipo nilipowapenda.

Baba Hamisi: Sasa mbona tunajisumbua kuwafukuzia? Tuwamwagie dagaa kila asubuhi, waje wenyewe. Mgeni akilipa ana hakika.

Salum Maskati: Baba Hamisi, hilo limeshafanyika hukohuko, Oslob, kisiwa cha Cebu. Wavuvi wanawarushia uduvi kutoka mtumbwini. Wageni walifika mamia ya maelfu kwa mwaka kabla ya korona.

Baba Hamisi: Umeona!

Mama Rehema: Malizia, Salum. Namwona anachekelea.

Salum Maskati: Potwe wakazoea vyombo. Wanafuata boti, na watafiti wamewakuta na makovu tele mwilini.

Nahodha Kassim: Potwe anayefuata boti, siku moja atafuata yenye pangaboi. Mimi simo.

Baba Hamisi: Lakini Oslob watu wanakula kila siku. Donsol potwe wasipokuja?

Salum Maskati: Kweli, kuna misimu Donsol huonekana wachache mno, na mgeni anarudi hotelini na picha za mawimbi. Usiku wanampeleka mtoni kuangalia vimulimuli mitini.

Mama Rehema: Hiyo nimeipenda. Sisi tuna popo.

Salum Maskati: Na hii msikie. Mwaka 2009, Pilar, mji jirani na Donsol, walimkuta mtoto wa potwe amefungwa kamba mkiani, kamba imefungwa kwenye kijiti majini, kama mbuzi. Hakufika nusu mita! Wakampima, wakampeleka maji ya kina wakamwachia.

Bi Mwanaidi: Nusu mita? Mimi na uzee huu sijapata kumwona potwe mtoto.

Nahodha Kassim: Wala mimi bibi, na bahari yote hii. Salum, muulize mwenzako: yule anayekaa juu kutafuta kivuli analipwa na mwenye boti au na ofisi? Hapa kwetu hiyo kazi anafanya nahodha bure.

Salum Maskati: Kesho tuko zamu moja ya usiku, namuuliza.

Baba Hamisi: Muulize na uduvi kilo bei gani.

Mama Rehema: BABA HAMISI.

Baba Hamisi: Wa kula mimi jamani 😂