Familia ya Walukuba, Jinja: Zaituni kafika Leicester, Uingereza

Zaituni: Asalaam aleikum nyote. Tumefunga boti Leicester, mjini katikati, gati la Castle Gardens. Usiku geti la bustani linafungwa, kwa hiyo msiwe na wasiwasi.

Shangazi Mwajuma: Waleikum salaam mwanangu. Lakini Foxton mlitoka lini? Kwenye ramani ni hapo tu, taksi ingekufikisha chai haijapoa.

Zaituni: Shangazi, kwenye mfereji mwendo mwisho kilomita 6 na kidogo kwa saa. Ukipita boti zilizofungwa ukingoni unapunguza tena, la sivyo wenyewe wanakutolea macho. Na pale Foxton kuna vyumba 10 vya maji, vitano vitano vimeungana kama ngazi. Mnafungua wenyewe: unazungusha chuma, maji yanatoka, boti inashuka, kisha unasukuma lango kwa makalio. Jumla mnashuka mita 23 hivi.

Jjajja: Na haja mnaenda wapi?

Zaituni: 😂😂 Jjajja! Choo kimo ndani. Kina sanduku chini, likijaa unalibeba mpaka kituo cha kumwagia. Leo si zamu yangu, alhamdulillah.

Hamisi: Dada, mmepita uwanja wa Leicester City??

Zaituni: Pembeni kabisa. Kuna chumba kingine cha maji pale, ukisubiri kijae unautazama uwanja.

Hamisi: Mabingwa 2016 🔥🔥 Ulizia jezi.

Mjomba Kasimu: Huo ndio mji wa Wahindi wetu. 1972 Amin aliwapa siku 90 waondoke Uganda. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa chumvi Main Street hapa Jinja. Halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo ndani ya Uganda Argus: msije kwetu, nyumba na shule zimejaa.

Hamisi: Walilipa gazeti la huku??

Mjomba Kasimu: Walilipa. Kuna waliokuwa hawajawahi kuusikia huo mji, wakausomea hapo hapo. Wakaenda 😄

Zaituni: Basi mjomba, jioni nimetembea mpaka Belgrave Road. Dhahabu, sari, halua, mtaa mzima. Mzee mmoja dukani akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Jinja. Kaacha wateja! Kiswahili chake kina kutu lakini kinakwenda. Kauliza maporomoko ya Bujagali, Jumapili walikuwa wanakwenda kula huko. Nikamwambia bwawa la umeme limeyafunika.

Shangazi Mwajuma: Maskini. Akasemaje?

Zaituni: "Basi sasa umeme haukatiki."

Jjajja: Banange! Mwambie jana tumelala giza.

Mjomba Kasimu: Aliuliza habari za nyumba yao waliyoiacha huku?

Zaituni: Hapana mjomba. Nami sikumgusia.

Mjomba Kasimu: Ulifanya vizuri. Hiyo habari ina wenyewe. Ila akija Main Street, majina na miaka ya kujengwa bado vipo juu ya maghorofa, asome mwenyewe.

Shangazi Mwajuma: Umekula lakini?

Zaituni: Muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu. Bei siitaji hapa.

Jjajja: Itaje.

Zaituni: Jjajja, mtandao unasumbua. Kesho asubuhi tunaelekea Loughborough inshallah.

Hamisi: Mtandao gani unaosumbua mjini? Dada, jezi. Saizi M.