Risiti inasema "umeokoa", mfuko unasema hapana. Kuponi tunakosea wapi?

BabaMapacha (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba msaada, na naomba msinicheke sana.

Miezi minne sasa mimi na mama watoto tumeingia kwenye kuponi, zile karatasi na ofa za simu za kukatiwa bei dukani. Tumeingia kweli, si kwa kujaribu: mkasi unakaa kwenye droo ya vijiko, kuna bahasha tatu zilizoandikwa BAFU, JIKO na KUFULIA, na simu imejaa programu za maduka hadi haina nafasi ya picha za watoto. Kila tukilipa, chini ya risiti kunakuwa na ule mstari unaosema leo umeokoa kiasi fulani. Mama watoto huzibandika risiti hizo kwenye mlango wa friji kama vyeti vya shule.

Juzi usiku nikakaa na kalamu. Sikujumlisha "tulichookoa", nilijumlisha fedha iliyotoka. Miezi minne kabla ya kuponi, miezi minne ya kuponi. Kama zamani tulitumia 100, sasa tunatumia 112. Familia ni ile ile, na bei hazijapanda kiasi hicho.

Nikaenda stoo. Dawa ya meno 14. Shampuu chupa 9, na mimi sina nywele. Dawa ya kuzibua sinki chupa 3, sinki letu halijawahi kuziba tangu tuhamie. Nepi pakiti 6 za namba 3, mapacha wameshahamia namba 4.

Halafu kuna hili la pili. Wiki iliyopita keshia alikataa kuponi yetu mbele ya foleni. Muda wake haukuwa umeisha, niliangalia mara mbili. Alisema tu "haipiti". Nikaona haya, nikalipa bei kamili, nikaondoka. Alikuwa na haki?

Tunakosea wapi, au kuponi zenyewe ni kiini macho?

---

MzeeWaBajeti

Kiini macho. Chana zote, andika orodha ya mahitaji, nenda dukani umeshiba. Basi.

---

Mpitanjia_77

Shampuu 9 na kipara. Mkuu, nimecheka, nisamehe, umesema tusicheke "sana" kwa hiyo nimejizuia.

---

KeshiaWaZamani

Nimekaa kwenye mashine miaka 9, kwa hiyo hili nalijua kutoka upande wa pili wa kaunta. Kaka BabaMapacha, pole, ila mzee hapo juu naye amekukatia shauri haraka mno. Kaa vizuri, ni ndefu.

Nianze na la foleni, maana ndilo limekuuma. Keshia hakatai kuponi, mashine ndiyo inakataa. Ile mistari ya bakodi imebeba namba ya kampuni, aina ya bidhaa na masharti, na mashine inailinganisha na vitu ulivyopitisha. Kuponi inataka chupa ya mililita 500, wewe umebeba ya 400. Inataka mbili, umebeba moja. Ni ya sabuni ya unga, umebeba ya maji ya kampuni hiyo hiyo. Au ni ya kwenye simu na hukuibonyeza kwanza ili iingie kwenye kadi yako ya duka. Miaka 9, na naapa nyingi ya zile "haipiti" zilikuwa saizi. Picha kwenye kuponi huonyesha chupa moja, maandishi ya mchwa chini yake yanataja nyingine, na mteja hutazama picha.

Kwa hiyo siku nyingine usione haya. Muulize kwa upole, "Inataka nini?" Mara nyingi atakusomea, na mtu mmoja anakimbia rafuni kubadilisha. Na kama haiwezekani, sema, "Basi dada, hicho kitoe." Hujalipa, hakijawa chako. Ulichokosea siku ile ni kulipa bei kamili kwa kitu ulichokibeba kwa sababu ya kuponi. Foleni ilikulipisha, si keshia. Na sisi tunajua. Watu wengi hawarudishi kitu wakitazamwa.

Sasa kubwa. Kuna kuponi za aina mbili na ni vizuri kujua nani analipa. Kuna ya mtengenezaji: duka linakukata bei, linakusanya zile kuponi, linazituma, linarudishiwa fedha yake pamoja na kijisenti cha usumbufu. Na kuna ya duka lenyewe, ambayo duka limekata kwenye faida yake. Ndiyo maana maduka mengine hukubali moja ya mtengenezaji na moja ya duka kwenye kitu kimoja, lakini mbili za mtengenezaji kwenye chupa moja hupati. Uliza sera ya duka lako kabla ya kuzipanga kwenye bahasha.

Mtengenezaji anatoa fedha yake kwa nini? Si huruma. Coca-Cola ilipoanza kugawa tiketi za glasi moja ya bure huko Marekani, miaka ya 1880, lengo halikuwa kumwokolea mtu chochote. Walitaka watu waonje kitu wasichokijua. Kuponi imezaliwa na kazi hiyo na haijabadilisha kazi. Tazama zinazokujia: harufu mpya, saizi mpya, kampuni usiyoitumia. Kwenye maduka mengine mashine hukutolea kuponi palepale unapolipa, na ukinunua sabuni ya kampuni hii, inayotoka ni ya kampuni pinzani. Programu za simu nazo zinaona ulichoacha kununua, zinakufuata nacho. Sasa angalia stoo yako. Dawa ya kuzibua sinki uliitaka wewe, au ilikutaka yenyewe?

Halafu ule mstari wa "umeokoa". Unahesabu tofauti kati ya bei ya rafu na ulicholipa. Haujui kama ungenunua au usingenunua. Chupa 9 za shampuu zimekuandikia umeokoa mara 9. Mlango wa friji unadanganya kaka, ubandueni.

Hapo MzeeWaBajeti atasema si nilisema. Hapana mzee, sikiliza hesabu hii, maana hapa ndipo kuponi inalipa kweli.

Chukua sabuni ya maji. Chupa ndogo mililita 250, bei 100. Kubwa mililita 500, bei 180. Bila kuponi, ndogo ni 40 kwa kila mililita 100, kubwa ni 36. Kubwa inashinda, kila mtu anajua. Sasa leta kuponi inayokata 40 kwa saizi yoyote. Ndogo inabaki 60, yaani 24 kwa mililita 100. Kubwa inabaki 140, yaani 28. Ndogo imeshinda! Kuponi ya kiasi maalumu hung'ata zaidi kwenye kitu kidogo. Lakini ikiwa ni ya asilimia, tuseme 20, kubwa inabaki palepale mbele, kwa sababu asilimia inakata zote kwa uwiano uleule. Wateja walionipita kwa siku na hesabu hii kichwani, ningewahesabu kwa vidole na vingebaki.

Na kabla ya hata hiyo: geuza macho rafu ya chini. Kitu cha jina kubwa bei 200, kuponi inakata 30, unalipa 170 na unatoka unatabasamu. Pembeni yake kuna kisicho na matangazo, 140, bila kuponi. Kama ubora wake unakufaa, umepoteza 30 huku ukishangilia.

Nilikuwa na mteja mmoja, mama mtu mzima. Wengine walikuja na majalada kama mawakili, yeye alikuja na kuponi mbili tatu ndani ya pochi, hazizidi. Alikuwa na daftari dogo la shule. Kila kitu anachotumia nyumbani, vitu 20 hivi, kina ukurasa wake: tarehe, saizi, bei. Kwa daftari lile alijua sabuni fulani hushushwa bei kila baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo kuponi ikitoka hakukimbia nayo. Aliishika mpaka bei ya rafu ishuke, ndipo anakuja kuweka kuponi juu ya punguzo. Wakati mwingine muda wa kuponi uliisha akiwa anasubiri, akaitupa mbele yangu bila majuto. Nilimwuliza siku moja haumii? Akaniambia, "Mwanangu, karatasi hii sikuinunua." Huyo ndiye tuliyekuwa hatumwezi.

---

StooImejaa

Dada Keshia umesema vizuri, lakini msiwatishe watu na akiba. Mimi naweka stoo na inanilipa. Kitu kisichoharibika, ninachotumia kila siku, kikishuka bei nachukua kingi. Kosa liko wapi?

---

KeshiaWaZamani

Kosa halipo, kuna kipimo tu. Andika tarehe kwenye tyubu ya dawa ya meno siku unayoifungua. Tuseme kwenu inaisha wiki 4. Kama daftari lako linasema bei hushuka kila baada ya wiki 12, unahitaji tyubu 3 kukuvusha hadi punguzo lijalo. Ya nne ni ya dharura. Kuanzia ya tano umelikopesha duka fedha yako, bila riba. BabaMapacha amelikopesha tyubu kumi.

Na "kisichoharibika" angalia vizuri. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo hupungua nguvu ikikaa miezi kwenye chupa, hata hujaifungua. Betri hupoteza chaji rafuni. Mafuta ya kupikia huchacha. Na mtoto, kama tulivyoona, naye anakua. Nepi usizirundike kamwe, wewe nunua mbele pakiti moja tu.

---

MtafutaOfa

Kuna jamaa anauza kuponi za kuchapisha kwa njia ya ujumbe, zinakata hadi bei yote ya bidhaa. Kuna aliyejaribu?

---

KeshiaWaZamani

Mdogo wangu, kimbia. Mtengenezaji hutoa kuponi bure ili uonje bidhaa yake, sasa ya kuuzwa kwa ujumbe imetoka wapi? Kuponi halali huwa na masharti: tarehe ya mwisho, saizi, idadi. Hiyo isiyo na sharti lolote na inayokata bei yote ni feki. Mwaka 2021 huko Virginia, Marekani, mwanamke mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza na kuuza kuponi feki, na hasara ilipigiwa hesabu ya zaidi ya dola milioni 31. Alizitengeneza vizuri hadi mashine zikazipitisha. Duka likipokea feki halirudishiwi fedha, na keshia ndiye anayeitwa ofisini. Niliitwa mara moja. Sitasahau kiti kile.

Hata kunakili ile halali ukachapa nakala kumi ni kosa hilohilo.

---

Mpitanjia_77

Swali la pembeni: kuponi yangu moja ya Marekani imeandikwa thamani yake ya fedha ni sehemu 1 ya 100 ya senti. Nikikusanya 100 nadai senti yangu?

---

KeshiaWaZamani

Kwa karatasi, ndiyo. Maneno hayo yapo kwa sababu ya sheria za zamani za baadhi ya majimbo ya kule zinazotaka kuponi itajwe thamani ya fedha, basi wakataja ndogo kadiri walivyoweza. Nenda nazo 100 kaunta uone utakavyotazamwa.

---

BabaMapacha

Nimerudi na ripoti, wiki tatu zimepita.

Bahasha tatu zimekuwa moja. Tumeandika vitu 22 tunavyotumia kweli, kuponi ya kitu kisichokuwemo inakwenda kwenye karatasi za kuwashia moto. Kati ya kuponi 61 tulizokuwa nazo zimebaki 8. Programu tumebakiza mbili. Daftari la bei analishika mama watoto, na ameligeuza kuwa kazi ya kijasusi, ananong'ona bei akipita kwenye rafu.

Nimefanya ile ya "hicho kitoe". Mkono ulitetemeka lakini nilisema. Yule dada wa kaunta hata hakuinua macho, alikitoa akaendelea. Nyuma yangu hakuna aliyekufa.

Nepi tumempa jirani mwenye kichanga. Shampuu 4 tumegawa kwa mashemeji. Dawa ya meno tunayo hadi mwakani.

Matumizi ya wiki tatu hizi ukiyapigia hesabu ya mwezi yanakaribia 91 ya ile 100 ya zamani, ingawa najua sehemu yake ni kwa sababu tunakula stoo, kwa hiyo nitahesabu tena tukimaliza.

Ila lazima niseme ukweli wote. Jumamosi sinki la jikoni liliziba. Mama watoto hakusema neno. Alikwenda stoo, akarudi na chupa, akaiweka mezani mbele yangu, akakaa akanitazama.

---

Mpitanjia_77

Zimebaki mbili mkuu. Usigawe.