Koni ya brasi yenye namba, imetoka ardhini Tabora: ni mali ya Mjerumani?

Mtoto wa Isevya:
Wakuu, heshima kwenu. Shemeji ana ditekta, ile ya wachimba dhahabu. Tukaipitisha shambani kwetu upande wa Lulanguru, ikalia. Tumetoa kitu cha brasi umbo la koni, kinajaa kiganja, kizito ajabu. Chini kina hesi, kiunoni kina pete yenye vistari na namba, na herufi "Dopp. Z." Pembeni yake gololi za risasi, na sarafu ya njano: 20 Heller, 1916. Mzee mmoja hapa anasema ndani mna zebaki nyekundu, ile inayosemwa ni mali kubwa, na mnunuzi tayari kapiga simu. Shemeji anataka kukipasua kwa msumeno. Mnasemaje?

Chakavu Original:
Mkuu, isogeze hiyo sarafu kwenye mchele. Ikivuta, njoo PM haraka.

Fundi Mstaafu:
Mpuuze huyo wa mchele, sarafu haivuti mchele, huo ni utapeli. Shemeji aweke msumeno chini sasa hivi.

Hiyo ni fyuzi ya kombora la mzinga, yaani kile kifaa cha kulilipua, ya Kijerumani. Pete ilizungushwa ili kupanga kombora lipasukie wapi angani na kuwamwagia askari gololi hizo. Ndani ya pete hukaa baruti, na kuna kiwashio chake. Huenda iliungua yote siku ilipofyatuliwa, huenda haikuungua. Kwa macho hutajua. Usiigonge, usiipashe moto, usiibebe kwenye bodaboda. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliingia Tabora ya Wajerumani tarehe 19 Septemba 1916 baada ya mapigano huko huko kwenu, kwa hiyo vya namna hiyo havikosekani.

Sarafu ndiyo tamu. Angalia chini ya mwaka kama kuna herufi T. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, fedha haziji kutoka Ujerumani, basi Wajerumani wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli hapo Tabora. Heller 100 zilifanya rupia moja. Usiisugue kwa ndimu na majivu, wakusanyaji wanaitaka na kutu yake.

Zebaki nyekundu haipo. Mnunuzi ataomba hela ya kipimo kwanza.

Mtoto wa Isevya:
T ipo! Na jamaa kaomba laki na nusu ya kipimo jana usiku, shemeji alikuwa anatafuta wa kumkopesha 😅 Shimo tulifukie?

Fundi Mstaafu:
Hapana. Zungushieni miiba, watoto wasisogee, mwende polisi. Wao watawaita wanajeshi. Na ditekta ipumzike: kuchimba vya kale kunataka kibali, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.